Nilimng'olea Mama simu ya mezani ili nipunguze bili, kitochi nilichompa akakifunga kamba mezani

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wa rika langu habari za mihangaiko.

Ninachoandika hapa kimetokea nyumbani kwetu Ihembe, Karagwe. Majina nimeyabadilisha, mengine yote yako kama yalivyokuwa. Atakayeamini sawa, atakayeona ni stori ya kupoteza muda asome tu, hatutagombana.

Kwanza mnijue. Mimi ni mbahili. Nina duka la spea za pikipiki hapa Kayanga, na hela ikitoka mfukoni mwangu naisindikiza kwa macho mpaka ipotee kona. Sioni aibu kusema hivyo, ndivyo nilivyo.

Sasa twende.

Marehemu baba alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa. Kwa sababu ya kazi hiyo akavutiwa waya wa simu mpaka nyumbani. Zamani hizo nyumba yenye simu ya mezani kijijini ilikuwa kitu kikubwa. Ilikaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, na sisi watoto tulikuwa tunapita mbali kama vile inauma.

Baba alipofariki, simu ikabaki. Bili ikawa yangu.

Na ile bili, wakuu, haikuwa inajali kama umepiga au hujapiga. Mama alikuwa hapigi kabisa. Yeye kazi yake ilikuwa kupokea. Kitongoji kizima kilikuwa kimewapa watoto wao waliotawanyika namba ya kwetu. Simu ikilia, Mama anapokea, anatoka mlangoni, anaita kwa sauti ile ya kupenya migomba, na mwenye mtoto anakuja mbio huku anafuta mikono.

Zikaja simu za mkononi. Kila mtu akawa na yake. Nikajua sasa ile ya mezani itanyamaza.

Haikunyamaza. Kila nikienda nyumbani kusalimia naikuta inalia. Nikawa najiuliza, huyu ni nani anapiga simu ya mezani wakati anayemtafuta ana simu yake mfukoni? Nikimuuliza Mama ananijibu, "Watu wananisalimia." Basi nikaacha.

Lakini bili sikuiacha. Ilikuwa inanikera.

Siku moja nikamkalisha Mama, nikamwambia, "Mama, waya huu tuukate. Nakununulia kitochi, nakuwekea vocha, unaongea na unayemtaka ukiwa popote. Hela inayobaki tunanunulia mbolea." Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi mrefu, maana Mama yangu ukimgusa vitu vya baba ni shida.

Hakubisha. Alifikiri kidogo akasema, "Sawa. Ila usikate mpaka nikuambie."

Kumbe alikuwa na mipango yake. Namba mpya aliipeleka kwenye matangazo ya ibada usharikani kwetu. Akamwomba jirani yetu, Mama Verdiana, ambaye ni Mkatoliki, aipeleke na kigangoni kwao. Na mtu wa kwanza kabisa kumpa alikuwa mdogo wake, mjomba Respisius wa kule Kibingo, Kyerwa. Huyu ndiye ndugu pekee wa tumbo moja aliyekuwa amebaki naye. Mama alimbeba mgongoni akiwa mdogo, na mpaka uzeeni mjomba alikuwa anapiga kila Jumapili baada ya ibada, hata kama hana la kusema.

Muda wote huo nikawa nalipia waya na vocha kwa pamoja. Nilinung'unika sana. Nilimuuliza Mama kama anagombea udiwani, maana kampeni zake za namba zilikuwa hazina mwisho. Akacheka tu.

Hapa niingize jambo moja dogo, mtaona faida yake mbele.

Kusajili laini ilibidi Mama aje mwenyewe Kayanga, mambo ya alama za vidole. Mashine ikamkatalia. Kila kidole wanasema rudia. Vidole vimesuguliwa na jembe mpaka vimekuwa laini kama mpini. Binti wa usajili akahangaika naye mpaka kidole gumba cha kushoto kikakubali.

Siku hiyo Mama alikuja na mkungu wa ndizi, mkubwa, wa kutia njaa kwa kuutazama tu. Nikajua ni wangu. Mimi hapa napanga chumba kwa mama mmoja anaitwa Mama Joventa. Basi Mama alifika pale, akampa mkungu wote Mama Joventa, wakakaa barazani wakaongea muda mrefu, mimi nimesimama pembeni kama mgeni. Mimi nikaambulia salamu. Nilikasirika kimoyomoyo, si mnajua mtu aliyezoea chapati za mtaani akiona ndizi za kwao.

Tuendelee.

Nikampa kitochi. Chaji inakaa wiki, tochi inamulika mpaka kwa jirani. Nikamwelekeza kila kitu, nikarudi Kayanga nimefurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Mama alipomaliza kugawa namba akaniambia sasa kata, nikaukata waya. Niliporudi nyumbani baada ya muda nikakuta kitochi kipo mezani. Pale pale ilipokuwa ile ya zamani, juu ya kitambaa kile kile. Na kale katundu ka pembeni Mama amekapitisha kamba ya mgomba, ameisokota vizuri, ameifunga kwenye mguu wa meza.

Wakuu, nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Mama, hii ni simu ya mkononi. Mkononi. Unatembea nayo."

Akasema, "Hii ni simu ya nyumba. Nyumba haiendi shambani."

Nikamwambia anajisumbua, akiwa bondeni simu ikilia hatasikia. Akanijibu kwamba akirudi ataiona imepigwa, naye atapiga. Nikaona ni uzee. Nikaenda kuwasimulia wenzangu kijiweni, tukacheka tena.

Subirini kidogo kuna mteja anataka cheni.

Nimerudi.

Kicheko changu kilianza kupungua siku ya habari ya Mama Verdiana.

Nilikuwa nyumbani. Asubuhi kitochi kikalia, Mama akapokea. Akasikiliza muda mrefu, akasema "Waitu, poleni sana" kwa sauti ya chini, akauliza maswali mawili matatu, akakata. Dada yake Mama Verdiana alikuwa amefariki Bukoba. Na Mama Verdiana simu yake anayo, tena kubwa kuliko ya kwetu. Lakini watoto wa marehemu walimpigia Mama.

Mimi nikaanza kuvaa viatu nimkimbilie jirani. Mama akanishika mkono. "Unakwenda wapi?"

"Kumwambia."

"Amekula?"

Nikamtazama. Mimi nitajuaje kama amekula?

Akaingia jikoni. Akapika ndizi na maharage bila haraka. Akamtuma mtu kwa Bukuru. Huyu Bukuru ni jirani yetu wa upande wa chini, wazee wake walitoka Burundi, ni mtu wa maneno machache na shamba lake halina gugu. Bukuru akaelekea kwa Mama Verdiana, akaazima panga lake na jembe, akaondoka navyo. Kisha Mama akaenda na sufuria, akamkuta mwenzake anaanua kahawa, wakakaa, wakala. Wanawake wengine wawili wakapita kama waliokuja kusalimia. Mama Verdiana alipomaliza kunawa mikono, Mama akasogea akakaa karibu naye, wakagusana mabega. Hapo ndipo akamwambia.

Jioni nikamuuliza kwa nini alimchelewesha mwenzake. Si haki yake kujua?

Mama akasema, "Ni haki yake. Lakini akishajua hatakula mpaka wazike. Acha awe na chakula tumboni. Na asiwe peke yake, na asiwe na kitu cha makali mkononi. Kulia atalia tu, kulia hakuna haraka."

Ndipo nikaelewa zile simu zilizokuwa hazinyamazi ni za nini. Watu waliotawanyika Mwanza, Dar, Geita, kote huko, walikuwa na namba za ndugu zao. Lakini habari ya msiba hawakuwa wanaitupa kwenye mfuko wa mtu aliyepanda mti au aliye njiani na baiskeli. Walikuwa wanaipeleka kwa Mama, yeye ndiye anaifikisha. Miaka yote baba akidhani amevuta simu kwa ajili ya kahawa.

Na mimi nilikuwa nimetaka kuikata kwa ajili ya bili. Kusema kweli nilimwona Mama yangu upya siku ile. Nilijisikia fahari, nikaenda kumwekea ng'ombe maji ambayo hakuwa anayahitaji.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Msimu wa kahawa uliopita nilifunga duka nikaenda kusaidia kuvuna. Mama ana presha, daktari alishamwambia apunguze kazi, na yeye amepunguza kwa kwenda shambani mapema zaidi. Siku hiyo alikuwa bondeni anapunguzia migomba majani makavu. Mimi nipo uani nageuza kahawa kwenye mkeka.

Kitochi kikalia.

Alikuwa Novatus, mtoto wa mjomba Respisius, anapiga kutoka Kibingo. Sauti ilikuwa inakatika. Wanaoijua Kyerwa wanajua, kuna mahali unasogea hatua mbili simu inakukaribisha nchi jirani.

Hakunisalimia vizuri. "Shangazi yuko hapo?"

"Yuko shambani."

"Simu hana?"

"Iko mezani. Imefungwa."

Nikamsikia anashusha pumzi. Akasema, "Afadhali." Halafu akaniuliza, "Wewe Erasto uko na nani hapo?"

Nikajua. Nikakaa kwenye kiti cha baba kabla hajasema. Mjomba alikuwa ameondoka asubuhi ile, amekunywa uji wake vizuri, akaegama, basi.

Nilipokata simu nilitaka kukimbilia bondeni. Nilishafika mlangoni. Nikageuka nikaiona ile kamba ya mgomba, imelala pale mezani.

Nikafikiria Mama akiwa bondeni, peke yake, panga mkononi, presha yake, na kilima chote kile cha kupanda. Kama ningeshinda ule ubishi wangu wa simu ya mkononi, habari ingekuwa imemkuta huko.

Nikaenda kwa Mama Verdiana. Nilipita njia ya nyuma. Alikuwa anamenya ndizi, akanitazama usoni, akaweka kisu chini. "Ni Kibingo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hakulia. Aliuliza neno moja. "Amekula?"

Nikasema bado.

Akasimama. Alijifunga kitenge, akampitia Bukuru, na kila kitu kikaenda kama mtambo. Mimi nikaambiwa nirudi nigeuze kahawa yangu na nisilie. Nilijitahidi. Nikawa nageuza kwa nguvu mno, punje zinaruka nje ya mkeka.

Mama Verdiana akapika jikoni kwetu kama kwake. Bukuru akateremka bondeni. Baadaye nikawaona wanapanda pamoja, Mama mbele mikono mitupu, Bukuru nyuma ameshika panga la Mama.

Mama alifika uani. Akanitazama mimi. Akatazama punje za kahawa zilizotapakaa. Akamwona Mama Verdiana anatoka jikoni kwetu na sahani, saa za kazi, amevaa kitenge kisafi.

Akajikung'uta vumbi miguuni.

Kisha akasema, "Mmenipikia? Asanteni."

Akanawa. Akakaa kwenye mkeka. Akala.

Sijui niwaeleze vipi namna alivyokula. Alikula taratibu, tonge kwa tonge, hakuacha kitu. Alimsifia Mama Verdiana kwamba maharage yameiva vizuri. Alimuuliza Bukuru kuhusu mbuzi wake aliyezaa, Bukuru akajibu huku anatazama chini. Mimi nilishika kikombe cha maji nikawa nakunywa kikombe kitupu.

Alipomaliza akanawa tena. Akafungua kile kilemba cha shambani, akakikung'uta majani, akakikunja, akakiweka pembeni. Mama Verdiana alikuwa ameshasogea, mabega yamegusana.

"Haya," Mama akasema. "Ni Respisius?"

"Ni yeye, dada yangu," Mama Verdiana akasema.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kama mtoto, wakuu, na walikuwa wamemshika pande zote.

Tulizika Kibingo. Mama hakula kitu kule mpaka tulipomaliza kuzika, kama alivyosema mwenyewe zamani. Presha ilisumbua lakini hakuanguka. Mtu wa zahanati alisema ni vizuri hakuwa na njaa.

Tuliporudi Ihembe, siku moja tumekaa tunatafuna kahawa, ile ya kukaushwa na maganda tunayotafuna huku kwetu na wageni, nikamuuliza, "Mama, wewe ulijua saa ngapi?"

"Bukuru alipokuja kuniazima panga," akasema. "Bukuru ana mapanga mawili, yote makali kuliko langu."

"Sasa kwa nini ulikula?"

Akanitazama kama vile nimeuliza jambo la kitoto. "Mlikuwa mmehangaika. Tena kwa namna niliyowazoesha mwenyewe. Ningekataa mbele yenu, kesho nani angekula nikimpelekea?"

Nimekaa na wasomi wa kila aina kwenye hii dunia yangu ya spea, wateja wangu wengine wana digrii, sijaona mtu wa kumfikia yule mwanamke. Mtu anajua habari inayomsubiri, anakaa anaitafuna njaa yake mpaka iishe, kwa ajili ya watu ambao hata hawajafiwa bado. Nampenda Mama yangu na namwogopa kidogo.

Basi nikamtania, nikamwambia simu yake ya nyumba imeshinda, mimi na hii yangu ya mfukoni nimeshindwa. Hakucheka.

Akasema, "Hiyo yako ya mfukoni haitalia."

"Haitalia vipi?"

"Siku yangu. Namba yako Mama Verdiana anayo ya kukusalimia tu. Siku hiyo atampigia Mama Joventa. Tulishaongea."

Nikakumbuka ule mkungu wa ndizi. Baraza lile. Maongezi yale marefu mimi nimesimama pembeni nimenuna kwa sababu ya ndizi.

Kumbe siku ile ile aliyokuja kusajili laini, vidole vinakataliwa na mashine, Mama alikuwa amekuja kunitafutia mtu wa kukaa karibu yangu siku atakayoondoka.

Nilichukua punje nyingine ya kahawa nikatafuna.

Wakuu, hesabu za bili sina ugomvi nazo. Kitochi ni nafuu, tena mno, waya tulishaukata na mbolea imenunuliwa. Kama una mzazi bado analipia laini ya mezani asiyoihitaji, mnunulie cha mkononi, okoa hela. Ila kabla hujakata, muulize kwanza simu ile inafanya kazi gani pale nyumbani. Mimi nilidhani najua.

Na kitu kingine nilichojifunza, msipeleke msiba kwa meseji. Nawaomba. Tafuta mtu aliye karibu na mfiwa, mpigie huyo, mwache aende na miguu yake.

Mimi mwenzenu tangu siku ile sina amani na Mama Joventa. Ni mama mwema, hana baya. Lakini jana jioni nimefunga duka, nimefika, akanitokea barazani akaniuliza, "Erasto, umeshakula?"

Nilisimama getini nikashindwa kuingia. Nikatoa simu nikapiga Ihembe. Ikaita, ikaita, nikaiona ile kamba kichwani mwangu, ikakatika. Nikapiga tena. Mama Joventa ananitazama, hajui kinachoendelea, ameshika bakuli.

Mara ya tatu Mama akapokea, anahema, ametoka kufunga mbuzi.

"Nini, mwanangu?"

"Hakuna, Mama. Nakusalimia. Shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

Nikamwambia ndiyo nakwenda kula sasa hivi. Nikaingia, nikapokea bakuli la Mama Joventa, nikala lote.

Nyie kwenu habari nzito inafikishwaje? Na yule mtu wa kwenu wa kupigiwa simu ni nani? Karibuni tuongee, nipo dukani mpaka jioni.